Skani ya Virusi Isiyofika Mwisho: Namna ya Kuikamilisha kwenye Kompyuta ya Nyumbani, Lamu

Umewasha skani kamili baada ya Isha, ukalala, na alfajiri unaikuta kompyuta imezima, au mstari wa kijani umesimama palepale ulipouacha. Wengi hapo huibofya tena ianze upya. Hilo ni kosa. Usitegemee kwamba itaendelea ilipoishia. Mara nyingi itaanza mwanzo, ifike palepale, na kilichoikata jana kiikate tena leo. Kwanza tafuta kilichoikata. Orodha si ndefu: stima, kompyuta kulala yenyewe, Windows kujizima na kujiwasha ili ikamilishe masasisho, joto, diski inayokufa, au kirusi chenyewe kinachojilinda. Kila kimoja huacha alama yake.

Maelezo haya ni ya Windows 10 na 11 zinazotumia Microsoft Defender, kinga inayokuja na Windows. Kama umeweka antivairasi nyingine, Defender hujiweka kando na majina ya vitufe yatatofautiana, lakini mambo ya stima, joto na diski ni yaleyale. Usiweke antivairasi mbili za kujinunulia juu ya mashine moja. Kila faili itakaguliwa mara mbili, na kila moja itaishuku mwenzake.

Imekwama, au ni polepole tu?

Skani kamili hupitia kila faili iliyomo kwenye diski, na faili za zip hufunguliwa ndani kwa ndani, kila kilichomo kikihesabiwa. Ndiyo maana hesabu ya faili hupanda kupita ulivyodhani, na muda uliobaki unaoonyeshwa huruka kutoka dakika 40 hadi saa tatu. Usiuamini muda huo. Kwenye kompyuta ya zamani yenye diski ya kuzunguka na gigabaiti 300 za picha, video na programu, saa nne hadi nane si ajabu. Kwenye SSD, diski ya kisasa isiyozunguka, kazi hiyohiyo huweza kumalizika kwa saa moja au mbili.

Ili ujue kama kazi inaendelea, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Tafuta mstari ulioandikwa "Antimalware Service Executable" na utazame safu ya diski. Namba zikibadilikabadilika, skani inatembea, iache. Ukitaka kuona ni faili gani hasa inayosomwa, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `resmon`, fungua sehemu ya "Disk", kisha uweke alama kwenye MsMpEng.exe, ambalo ndilo jina la faili la huyo "Antimalware Service Executable". Hapo utaona majina ya faili yakipita. Jina moja likikaa dakika tano na ni faili kubwa ya zip au iso, ni kawaida. Jina moja likikaa nusu saa, kasi ya kusoma ikiwa karibu na sifuri huku diski ikionyesha asilimia 100, hiyo ni habari nyingine, na imeelezwa mbele kwenye sehemu ya diski.

Kulifunga dirisha la Windows Security hakusimamishi skani. Inaendelea nyuma ya pazia, na ukilifungua tena utaikuta. Kinachoisimamisha ni kitufe cha "Cancel" tu.

Soma daftari la kompyuta

Windows huandika kila skani ilipoanza na ilipoisha. Bofya kwa kitufe cha kulia juu ya alama ya Start, chagua "Terminal (Admin)", au "Windows PowerShell (Admin)" kwenye Windows 10, kisha uandike mstari huu wote:

`Get-WinEvent -FilterHashtable @{LogName='Microsoft-Windows-Windows Defender/Operational'; Id=1000,1001,1002,1005} -MaxEvents 12`

Namba 1000 ni skani imeanza. 1001 imemalizika. 1002 imesimamishwa kabla ya mwisho, na 1005 imeshindwa kwa hitilafu. Ukiona 1000 isiyofuatwa na yoyote kati ya hizo nyingine, mashine ilikufa ghafla kabla haijapata nafasi ya kuandika.

Kwa hali hiyo ya mwisho, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `eventvwr`, ingia "Windows Logs", kisha "System", na utafute tukio namba 41 la "Kernel-Power" kwa saa zilezile. Namba 41 maana yake kompyuta iliwaka bila ya kuwa imezimwa vizuri: stima ilikatika, betri iliisha, au joto liliizima. Kama jirani pia walikosa stima usiku huo, jibu umelipata. Kama feni ya dari ilizunguka usiku kucha na kompyuta peke yake ndiyo iliyozima, lishuku joto. Na ukikuta palepale namba 7 kutoka kwa "disk", ikitaja sehemu mbovu, acha kila kitu uruke hadi sehemu ya diski.

Kuandaa usiku wa skani

Zima na uwashe kompyuta kwa "Restart" kabla ya kuanza, ili masasisho yanayongoja yakamilike sasa wala si saa tisa za usiku katikati ya kazi. Kisha ingia "Windows Update" na usimamishe masasisho kwa wiki moja. Kabla ya kuyasimamisha, pata orodha mpya ya virusi, kwa sababu skani ya saa sita kwa orodha ya mwezi uliopita ni kupoteza usiku. Amri hii na zinazofuata ziandike kwenye dirisha lilelile la Terminal au PowerShell (Admin), isipokuwa pale nitakapotaja jingine:

`Update-MpSignature`

Sasisho la kila siku ni dogo, bando la kawaida linalimudu. Lakini kompyuta iliyokaa miezi bila intaneti inaweza kuomba furushi zima, ambalo ni zaidi ya megabaiti 100. Kama kuta za matumbawe za nyumba yenu zinakula mtandao wa simu, furushi hilo linaitwa mpam-fe.exe na hutolewa bure kwenye tovuti ya Microsoft. Lipakue saibani, ulilete kwa flashi, ulibofye mara mbili. Hakikisha umechukua la biti 64 kama Windows yako ni ya biti 64.

Punguza mzigo. Kwenye "Settings", "System", "Storage", fungua "Temporary files" na ufute, lakini ondoa kwanza alama kwenye "Downloads", maana watu wengi wamepoteza vyeti na picha kwa kisanduku hicho kimoja. Skani huhitaji nafasi ya kufungulia zip, kwa hiyo acha angalau gigabaiti 20 tupu kwenye diski ya C.

Sasa izuie kompyuta isilale:

`powercfg /change standby-timeout-ac 0`

Skrini ikizima si neno. Kinachokata skani ni mashine kulala. Kwa laptopu, ingia pia "Control Panel", "Power Options", "Choose what closing the lid does", na uchague "Do nothing" kwa upande wa chaja. Hata hivyo usiifunge wakati wa skani, kwa sababu laptopu nyingi hupitisha hewa moto karibu na bawaba. Asubuhi rudisha usingizi kwa mstari uleule, badala ya 0 uandike 30.

Stima

Laptopu yenye betri nzima ina nafuu: stima ikikatika kwa dakika kumi, skani huendelea, mradi kompyuta isilale ikiwa kwenye betri. Ianze ikiwa asilimia 100 na chaja imechomekwa. Betri iliyochoka, ile inayotoka asilimia 60 ikazima ghafla, haitakuokoa. Ihesabu kama haipo.

Kwa kompyuta ya mezani, UPS (kifaa chenye betri ya akiba) ndogo ya VA 650 hukupa dakika kumi hadi ishirini hivi, ikitegemea skrini na umri wa betri. Haikununuliwa ili imalize skani. Kazi yake ni kuvuka yale makatiko ya sekunde chache, na kukupa muda wa kuzima kwa utaratibu. Ndani yake mna betri ya volti 12, na kwa joto la pwani betri hiyo ikifika mwaka wa pili au wa tatu huwa haina nguvu. Ijaribu mchana: ichomoe ukutani kompyuta ikiwa imewaka na huna kazi isiyohifadhiwa, uone inadumu dakika ngapi.

Stima ikirudi, usikimbilie kuwasha. Volti huyumba dakika za mwanzo. Kile kifaa cha kulinda friji, kinachochelewesha stima hadi itulie, kinafaa pia kwa kompyuta, na bei yake ni ndogo kuliko ya pawa saplai. Ukiwasha, kagua kwanza kama kuzima ghafla kumeharibu mpangilio wa faili:

`chkdsk C: /scan`

Amri hii haihitaji kuzima mashine. Ikisema kuna makosa ya kurekebisha, andika `chkdsk C: /f`, ujibu Y, kisha uwashe upya. Baada ya hapo ndipo urudi kwenye skani.

Joto na chumvi

Skani huifanyisha kazi prosesa na diski kwa saa nyingi mfululizo, na hapo ndipo feni iliyojaa vumbi hujulikana. Dalili yake: kompyuta inazima baada ya muda unaokaribiana kila mara, tuseme dakika 40 au 50, na chini yake hapashikiki. Miezi ya kaskazi, ndani ya chumba kisichopitisha upepo, hata mashine nzima inaweza kushindwa.

Usiiweke kitandani, juu ya mkeka, wala ndani ya kidaka cha ukutani. Kidaka ni pazuri kwa macho, lakini kina kuta pande tatu na hewa moto haina pa kutokea. Iweke juu ya meza, uinyanyue nyuma kwa vipande viwili vya mbao vya unene wa sentimita mbili au tatu ili feni ivute hewa kutoka chini. Nyumba ikiwa ufukweni, Shela kwa mfano, iweke mbali na dirisha linalotazama bahari. Unyevu wa chumvi huganda kwenye vumbi la feni likawa kama udongo, na huo hautoki kwa kupuliza kwa mdomo. Zima, chomoa chaja, na betri pia kama inatoka. Zuia mapanga ya feni kwa kijiti ili yasizunguke, kisha upulize kwa kopo la hewa au pampu ya mkono. Usitumie kitambaa chenye maji. Kama ni ya mezani, fungua ubavu wake na uangalie pia chuma cha kupozea juu ya prosesa.

Gawa skani vipande

Pale ambapo huna hakika ya saa sita za stima mfululizo, hii ndiyo njia ya kuifuata. Jahazi halipakuliwi kwa mkupuo mmoja, na diski nayo si lazima. Defender ina "Custom scan", inayokagua folda uliyoichagua peke yake. Fungua "Windows Security", "Virus & threat protection", "Scan options", uchague hiyo kisha folda.

Anza na "Quick scan". Ni dakika chache, na hukagua kumbukumbu na sehemu ambazo virusi hujiwasha nazo. Kisha fuata utaratibu huu, kipande kimoja kwa kikao:

1. `C:\Users`. Hapa pana Downloads, Desktop, nyaraka, na pia AppData, folda iliyofichwa ambamo virusi vingi hupenda kukaa kwa sababu haihitaji ruhusa ya msimamizi. Kama una muda wa kipande kimoja tu, kiwe hiki.
2. `C:\ProgramData`, kisha folda mbili za Program Files.
3. `C:\Windows`. Hiki ni kirefu kwa wingi wa faili ndogondogo.
4. Folda nyingine zilizo juu ya C, na diski ya D kama ipo.

Andika tarehe ya kila kipande kwenye karatasi. Stima ikikatika, umepoteza kipande kimoja, si usiku mzima. Kama folda ya Users ina maktaba kubwa ya video na inakuwa ndefu, igawe tena: Downloads na AppData leo, Videos na Pictures kesho.

Ukipenda kuandika amri badala ya kubofya, hii inafanya kazi ileile:

`& "C:\Program Files\Windows Defender\MpCmdRun.exe" -Scan -ScanType 3 -File "C:\Users"`

Usiishughulikie skani ndefu kwa kuiwekea misamaha. Wapo wanaoiambia Defender isiguse Downloads ili kazi iishe haraka. Skani inaisha haraka kweli, na mlango ambao virusi huingilia unabaki wazi.

Flashi haimo

Wengi hawajui hili: kwa mpangilio wa kawaida, skani kamili haikagui flashi iliyochomekwa. Unaweza kuisafisha kompyuta usiku kucha, asubuhi ukachomeka flashi iliyotoka saibani au kwenye duka la kuchapisha picha, na ukarudi mwanzo. Ikague kwa "Custom scan" kabla ya kufungua chochote ndani yake. Ukikuta folda zako zimegeuka njia za mkato, usizibofye. Skani kwanza, virusi viondolewe, kisha zirudishe folda zilizofichwa. Kama flashi ni herufi F, fungua Command Prompt uandike:

`attrib -h -r -s /s /d F:\*.*`

Folda za kweli zitaonekana tena, na njia za mkato uzifute.

Diski inayokufa

Skani ya virusi mara nyingi ndiyo kazi ya kwanza inayosoma diski yote, mpaka pembe ambazo hazijaguswa miaka miwili. Kwa hiyo ndiyo inayofichua sehemu mbovu. Diski ya kuzunguka ikikutana na sehemu isiyosomeka hujaribu tena na tena, na skani husubiri. Mtumiaji huona antivairasi mbovu, anaiondoa, anaweka nyingine, nayo inasimama palepale.

Dalili: skani inasimama karibu na faili ileile kila mara, kwenye `resmon`, safu ya "Response Time" ya faili hiyo inafika milisekunde elfu kadhaa wakati nyingine ni makumi, unasikia mlio wa kugongagonga, au tukio namba 7 tulilolitaja. Ili kuthibitisha, tumia CrystalDiskInfo, programu ya bure. Rangi ya buluu ni nzima, njano ni tahadhari, nyekundu ni mbaya. Tazama mistari miwili: 05, sehemu zilizokwisha kuhamishwa, na C5, sehemu zinazongoja. Kama C5 si sifuri, diski inashindwa kusoma baadhi ya ilichohifadhi.

Hapo skani ingoje. Nakili kwanza visivyopatikana tena: picha za familia, vyeti, nyaraka za shamba na nyumba. Nakili folda ndogo ndogo, si diski nzima kwa mara moja, na inayokwama iruke uirudie mwisho. Usianze na `chkdsk /r` kabla hujanakili. Amri hiyo husoma kila sehemu kwa saa nyingi, na diski dhaifu inaweza kufa mikononi mwake. Ukishanakili, badilisha diski. SSD ya SATA ya gigabaiti 240 au 256 huingia kwenye laptopu nyingi za zamani zenye nafasi ya inchi 2.5. Weka Windows upya juu yake, kisha uskani zile faili ulizonakili kabla ya kuzirudisha.

Ratiba, na saa ya kompyuta

Kwa kawaida skani za ratiba hungoja kompyuta iwe imewaka lakini haitumiki, na hujizuia zisitumie zaidi ya nusu ya nguvu ya prosesa. Katika nyumba ambamo kompyuta huwashwa ikitumika na huzimwa kazi ikiisha, wakati huo haufiki kamwe. Iruhusu ianze hata ikitumika, na uipangie siku. Ijumaa ni namba 6, kwa kuwa hesabu inaanza Jumapili kwa 1:

`Set-MpPreference -ScanOnlyIfIdleEnabled $false`
`Set-MpPreference -ScanScheduleDay 6 -ScanScheduleTime 20:30:00`

Kompyuta inahesabu kutoka usiku wa manane, kwa hiyo saa mbili na nusu za usiku kwetu ni 20:30 kwake. Ukiandika 02:30 umeipangia saa nane na nusu za usiku.

Kama saa ya kompyuta inarudi nyuma miaka kila stima inapokatika, betri ndogo ya CR2032 kwenye bodi imekwisha. Ibadilishe. Saa ikiwa mbaya, ratiba hupotea na sasisho la virusi hukataliwa kwa sababu vyeti vya usalama vya tovuti vinaonekana havijafika tarehe au vimepitwa.

Wenye Windows 10 wajue kwamba Microsoft ilisimamisha huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Orodha ya virusi ya Defender bado inakuja, lakini orodha haizibi matundu ya mfumo wenyewe.

Kirusi kinapoikata skani

Dirisha la Windows Security likijifunga lenyewe, au ulinzi ukizima kila ukiuwasha, au kompyuta ya nyumbani ikidai kwamba inasimamiwa na msimamizi usiyemjua, usipigane nacho ndani ya Windows inayokiendesha. Hifadhi kazi zako, chomeka chaja, rudi "Scan options", uchague "Microsoft Defender Antivirus offline scan". Mashine itajiwasha upya na kukagua kabla Windows haijaamka, kwa takriban dakika 15. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli ya Windows inayosimba diski nzima, uwe na ule ufunguo wa kurejesha kabla ya kuanza. Ikijiwasha na kurudi moja kwa moja bila kukagua, andika `reagentc /info`. Ikisema imezimwa, andika `reagentc /enable` na ujaribu tena. Matokeo utayakuta kwenye "Protection history".

Kwa jicho la pili, tumia Microsoft Safety Scanner, faili moja isiyohitaji kusakinishwa. Inakwisha muda siku 10 baada ya kupakuliwa, kwa hiyo usiiweke akiba. Katikati ya kazi inaweza kuhesabu faili zilizoambukizwa, kisha mwisho ikasema hakuna kitu. Hesabu ya katikati ni ya kushuku tu. Shika jibu la mwisho, ambalo pia limeandikwa kwenye `C:\Windows\debug\msert.log`.

Kama kitu kimepatikana kweli, nywila za barua pepe na za benki zibadilishe kwa simu, wala si kwa kompyuta hiyo, mpaka skani nyingine iliyofika 1001 iwe imerudi tupu.